Kinga ya umeme, yaani baiskeli, au pikipiki? Linganisha sababu zako kwanza

Saa nane ya usiku, friji ikianza kunguruma, mimi huamka. Si kiu wala si ndoto mbaya: umeme umerudi. Nasubiri kama dakika kumi, maana unaporudi huja na kishindo, na kishindo hicho kimeshaniulia chaja moja. Kisha nachomeka betri ya kinga yangu ukutani, narudi kitandani. Mke wangu huwaambia wageni kwamba nimepata mtoto mchanga uzeeni.

Kinga ndilo jina letu la baiskeli hapa Lubumbashi, Kongo, na yangu ni ya umeme, huu mwaka wa tatu. Kwa hiyo watu hunisimamisha: pale Njanja, mlangoni pa kanisa, hata msibani. Huuliza bei, na wakishaijua huuliza, "Inapita moto?" Moto kwetu ni pikipiki. Inaipita kwa nani, kwa kazi gani, na kwa umeme wa wapi? Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, muuguzi wa zamu za usiku anayekaa Ruashi, aliniuliza hivyo hivyo mwezi wa tano. Nikakaa chini nikamwandikia kurasa kadhaa. Ninachoandika hapa ni zile kurasa, nimeziongezea nyama.

Wenzetu walisukumwa na nini

Mwaka 1993, kule Japani, Yamaha ilitoa baiskeli iitwayo PAS, ambayo mota yake husaidia kadiri mguu unavyokanyaga. Waliokuja kuzipenda baiskeli za namna hiyo kule si vijana wa mashindano. Ni wazee waliochoka magoti, na akina mama wanaopandisha mtoto mmoja mbele na mwingine nyuma.

Uchina mambo yalikwenda vingine. Miji mingi ilifukuza pikipiki za mafuta katikati ya mji; Guangzhou ilifunga mlango huo mwaka 2007. Mwenye pikipiki hakuamka asubuhi akajikuta anapenda betri, alizuiwa tu. Leo baiskeli za umeme kule huhesabiwa kwa mamia ya milioni. Kigali nao wamechukua njia hiyo: tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria haiandikishwi mjini humo kama inakunywa mafuta.

Ulaya kuna mkono wa kodi. Ujerumani mwaka 2023 baiskeli za umeme zilizouzwa ziliwazidi dada zao wa kawaida kwa mara ya kwanza, milioni 2.1 dhidi ya 1.9. Lakini kumbuka kwamba tangu 2012 mwajiri wa kule anaweza kumkodishia mfanyakazi baiskeli kwa nafuu ile ile ya kodi inayotolewa kwa gari la kampuni. Uswidi mwaka 2018 serikali ilikuwa inarudisha robo ya bei, hadi krona 10,000. Mji wa Denver, Marekani, ulianza kugawa vocha mwaka 2022, na mwenye kipato kidogo alipata dola 1,200.

Nimeyaeleza haya kwa sababu vijana wengi wanaonifuata wametazama video za Ulaya, wamebeba sababu za watu wengine. Sisi hatuna vocha. Hakuna aliyetukataza pikipiki kwa sababu inakunywa mafuta. Hewa safi ni jambo jema, na mtu wa Lubumbashi aliyekua chini ya moshi wa bomba kubwa la Gécamines, kampuni ya migodi, hahitaji kufundishwa maana yake, lakini sijaona hata mmoja aliyetoa dola mfukoni kwa ajili ya hewa. Kwetu zinabaki sababu tatu: jasho, esansi (petroli) na heshima. Nitaanza na hiyo ya mwisho, kwa kuwa ndiyo inayofichwa.

Heshima

Kinga hapa ina harufu ya umaskini. Tunaiona alfajiri ikiingia mjini na magunia ya makala, yaani makaa, yaliyopanda juu kuliko kichwa cha mwenyewe. Mtu akipata kazi, anatafuta moto. Akipanda cheo, anatafuta gari, hata lile la usukani wa kulia lililochoka. Kurudi kwenye kinga ni kama kurudi darasa la tatu. Siku ya kwanza mama mkwe aliponiona naingia uani na kofia ya plastiki kichwani, alishika kiuno: "Eh, papa, balikufukuza ku kazi?"

Kwa hiyo kama unanunua ili uonekane, nakwambia bila kuzunguka: nunua pikipiki. Kinga ya umeme ukiitazama kutoka mbali ni kinga tu. Ina kijisanduku cheusi kwenye chuma cha chini na kioo kidogo kwenye usukani, basi. Heshima yake huja taratibu, na huja kwa mlango ambao hukuutazamia. Kazini kwangu ilikuja mwezi wa kumi, kabla mvua haijaanza, jua likiwa linachoma mpaka lami inalegea. Wenzangu walikuwa wanashuka kwenye mabasi mashati yameganda mgongoni. Mimi nimepanda kutoka Katuba, shati kavu. Mkubwa wa ofisi aliinamia gurudumu la nyuma, akaligusa kwa kidole kama anayepima joto la mtoto, akasema, "Kumbe injini iko humu ndani."

Kwa wanawake hesabu ya heshima ni tofauti, na hili lilimhusu yaya moja kwa moja. Wanawake wanaoendesha pikipiki wenyewe bado ni wachache mjini. Wengi hupanda nyuma ya dereva, na kikwembe, kile kitenge cha kujifunga, kinawalazimisha kukaa upande. Kinga za mji zenye chuma kilichoshuka katikati zinamruhusu mtu kupanda na kushuka na kikwembe chake, bila kurusha mguu.

Jasho

Sababu hii ndiyo iliyouza baiskeli za umeme Japani na Ulaya, na kwetu inafanya kazi nusu nusu. Lubumbashi iko kwenye nyanda za juu, mita 1,200 hivi, na ardhi yake imelala. Ningekuwa naandikia mtu wa Bukavu, na ile miteremko ya Kadutu, ningesema mota ya katikati, ile inayokaa penye pedali na kutumia gia za mnyororo, au usinunue kabisa. Hapa mota ya ndani ya gurudumu inatosha. Ni rahisi, haiuli mnyororo mapema, na ikifa, kinga inaendelea kuwa kinga.

Kinachotuchosha hapa ni jua, vumbi, umbali na mzigo kuliko kilima. Mtu anayekwenda kilomita tatu kwenye barabara iliyolala hahitaji betri. Kinga ya kawaida itamfikisha, na fedha inayobaki ni ada ya mtoto. Kuanzia kilomita sita au saba hivi kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, ndipo mota inaanza kulipa. Msaada wa baiskeli za sheria ya Ulaya hukoma kwenye kilomita 25 kwa saa, na mota hairuhusiwi kuzidi wati 250. Yanasikika machache, lakini mimi napita foleni ya magari ya asubuhi, basi nililoliacha kituoni silioni tena.

Esansi: hesabu ambayo wengi huikata katikati

Hapa ndipo kila mtu anadhani ameshapata jibu. Nitaweka mashine tatu kando kwa kando, kwa matumizi ya kawaida ya mjini.

| | Kinga ya umeme | Pikipiki ya umeme | Pikipiki ya mafuta, 125 |
|---|---|---|---|
| Kwa kilomita 100 inakula | kilowati-saa 1 hadi 1.5, na miguu yako | kilowati-saa 3 hadi 4 | lita 2 hadi 2.5 |
| Kujaza | saa 4 hadi 6 | saa kadhaa, au kubadilisha betri penye kituo | dakika 3 |
| Betri au tangi | kilo 3 hivi, unaibeba mkononi | kilo nyingi, mara nyingi inabaki kwenye pikipiki | tangi |
| Mzigo | wewe na begi, au mtoto mmoja | watu wawili | watu wawili kwa sheria, watatu kwa mazoea |
| Fundi | wa kinga, pamoja na wa elektroniki | bado wa kutafuta | kila kona |

Chukua bei ya esansi ya leo pampuni, zidisha mara mbili na kidogo, utapata gharama ya pikipiki kwa kilomita mia. Huku Kusini bei imezoea kuwa juu ya ile ya Kinshasa, maana mafuta yetu yanakuja na malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Kisha tazama umeme: kilowati-saa moja na nusu haifiki hata nusu ya franka unazolipa kwa lita moja. Mtu akifika hapo anaruka juu kwa furaha.

Sasa shuka chini. Betri nayo ni mafuta, ila yamelipwa mapema. Betri nzuri ya lithiamu huvumilia kujazwa mara 500 hadi 1,000 kabla haijapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Tuseme yako ilikugharimu dola 300 na itakupa kilomita 15,000. Hizo ni dola 2 kwa kila kilomita mia, na hujachomeka chaja hata mara moja. Mara nyingi betri inakula pesa kuliko umeme unaoijaza. Faida bado ipo, hasa ukiongeza oili, plagi na siku za gereji ambazo kinga haizijui, lakini si ile faida ya kuruka juu.

Halafu jenereta. Jenereta ndogo ya nyumbani hunywa nusu lita au zaidi ili kutoa kilowati-saa moja. Pikipiki ya umeme inayotaka kilowati-saa 3 au 4 kwa kilomita mia, ukiijaza kwa jenereta, umechoma lita 2 za esansi. Hizo ndizo lita zile zile ambazo pikipiki ya mafuta ingekunywa, ila sasa zimepita kwenye mashine mbili na kelele ya uani. Nimemwonyesha hesabu hii jirani yangu wa pili, dereva wa abiria aliyekuwa amekaribia kuuza pikipiki yake. Alikaa kimya, akaomba karatasi aende nayo. Anazunguka zaidi ya kilomita mia kwa siku, hapa hakuna vituo vya kubadilisha betri kila mtaa kama alivyoviona kwenye video za Kigali, na kwake umeme hulala siku mbili. Kwa mtu kama yeye, pikipiki ya mafuta bado ndiyo mashine ya kazi, na sitaki kumdanganya.

Kinga ni tofauti kwa sababu inakula kidogo mno. Hata kwa jenereta haizidi lita moja hivi kwa kilomita mia. Na sola inaiweza: paneli ya wati 200 kwenye jua la kiangazi chetu, kati ya mwezi wa tano na wa kumi, inaweza kujaza betri ya kinga kwa siku moja. Masika wingu likikaa siku tatu, utarudi kwenye friji ya saa nane ya usiku kama mimi. Pikipiki ya umeme ingetaka paneli nne au zaidi ya hizo, pamoja na betri ya nyumba ya kuhifadhi.

Betri italala wapi?

Huwa nawauliza watu swali hili kabla ya bei. Betri isilale kwenye njia ya kutokea nje, isifunikwe na nguo, isijazwe kwa chaja ya kuazima. New York mwaka 2023 zima moto walihesabu mioto 268 iliyotokana na betri za lithiamu, na watu 18 walikufa. Nyingi za betri za namna hiyo huwa ni za bei ya chini, au zimefunguliwa na kuunganishwa upya vibaya. Yangu inajazwa sebuleni juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia, na ikijaa natoa. Weka na kifaa cha kutuliza umeme, kile kinachowekwa kwa friji. Ni rahisi kuliko chaja.

Ukipewa nafasi ya kuchagua kemia, uliza kama ni ya lithiamu, chuma na fosfeti. Wauzaji huiandika LFP. Ni nzito kidogo, lakini huvumilia kujazwa mara 2,000 na zaidi, na haipandi joto kwa hasira. Ajabu yake ni kwamba haina kobalti hata chembe. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia inachimbwa nchini kwetu, kwa wingi upande wa Kolwezi, malori yake yanatupita yakielekea mpakani, na mwaka 2022 chuo kikuu chetu kilizindua kituo cha utafiti wa betri. Na betri inayomfaa zaidi mtu wa Lubumbashi ni ile isiyoihitaji kobalti yetu. Nimekaa na jambo hili siku nyingi, sijui kama nicheke.

Mzigo

Wanaobeba makala kutoka porini wanaujua uzito kuliko mhandisi yeyote. Magunia matatu, manne, wakati mwingine zaidi, yamefungwa kwa mpira wa tairi la zamani, na mwenyewe hapandi: anasukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye fimbo iliyochomekwa nyuma ya kiti. Kama kuna mtu mmoja katika jimbo hili anayehitaji mota, ni huyo. Na ndiye ambaye hakuna aliyemtengenezea. Kinga nyingi za umeme zinazoletwa zimepimwa kwa kilo 120 au 150, mpandaji akiwemo. Mpe mota ya wati 250 magunia manne kwenye mchanga, itachemka mpaka itoe harufu.

Ila baiskeli nyingi za umeme zina kitufe kimoja ambacho wengi hawakigusi: ukikibonyeza, kinga inajisukuma yenyewe kwa mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 6 kwa saa. Kiliwekwa ili mtu wa Ulaya apandishe baiskeli yake ngazi za gereji. Mimi nilikigundua siku nilipokuwa nasukuma gunia la unga, na nikawafikiria wale wa makala kwa wiki nzima. Siku atakapokuja mtu na mota yenye nguvu ya polepole, chuma kinene, na kitufe hicho mahali pa kidole gumba, hatahitaji tangazo. Kwa sasa, kama kazi yako ni mzigo, usinunue kinga ya umeme. Tazama zile za magurudumu matatu, na hizo zina hesabu yake nyingine.

Ya mkono wa pili, na jinsi nilivyoumwa

Yangu niliinunua ikiwa imetumika, imetoka Ulaya ndani ya kontena, kwa muuzaji mmoja wa mjini. Ilikuwa nzuri machoni: kijani, kapu mbele, taa tano za betri zikiwaka zote. Jumapili nikaelekea njia ya Kipushi, ambako ni kilomita 30 hivi, nikijiambia nitakula mchana huko. Kwenye kilomita ya tisa taa tano zikawa mbili, kisha giza. Kinga ya kilo 27 bila mota ni ng'ombe aliyekataa kwenda. Niligeuza, nikaanza kuisukuma, na kijana wa makala aliyenipita na magunia yake akanitazama kwa huruma ya kweli: "Papa, yako iko mugonjwa?"

Betri ilikuwa imezeeka kabla ya kuvuka bahari. Taa hupima volti, hazipimi uwezo. Betri iliyochoka inaweza kuonyesha imejaa na isiwe na kitu ndani, kama debe lililofunikwa. Tangu siku hiyo nikiitwa kumsindikiza mtu kununua, nakwenda na kipima volti. Betri ya kawaida ya lithiamu, isiyo LFP, ya volti 36 iliyojaa lazima isome karibu na 42, na ya 48 isome karibu na 54.6. Kisha tunapanda kilomita kumi, na begi la mawe kama ni lazima, tunapima tena. Ile ya 36 ikiwa imeporomoka mpaka kwenye 33 au 32, tunamshukuru muuzaji, tunarudi nyumbani. Angalia na ufunguo wa betri: bila huo hutaweza kuitoa kuilaza ndani, na mwizi hahitaji ufunguo. Na kichwa cha chaja, kiwe cha kawaida kinachopatikana. Mifumo ya kifahari kama ya Bosch ni mizuri sana kule iliko na wauzaji wake, kwa sababu inataka kompyuta yao ili ikubali kutengenezwa. Hapa ikikataa, umebaki na sanamu.

Fundi

Tairi la nyuma lilipasuka mwezi wangu wa pili. Chini ya mwembe wa Katuba, fundi wangu wa miaka yote aligeuza kinga miguu juu, akaanza kulegeza nati, mara akasimama. Waya mnene ulikuwa unatoka katikati ya ekseli, umeingia kwenye chuma. Alinitazama. "Hii kintu, nikikata, inakufa?" Nikamwambia usikate, unachomoka, tafuta mshale. Alifuata waya kwa kucha, akaona mishale miwili midogo ikitazamana, akavuta taratibu, ukalia tk. Akaniomba niushike mbali na vumbi muda wote wa kuziba, na mimi nikakaa nao hivyo, kama mkunga aliyeshika kitovu. Mara ya pili hakuniuliza kitu. Mara ya tatu alinitoza zaidi, kwa kuwa sasa ni mtaalamu.

Kwa hiyo usiogope sana habari ya fundi kwa upande wa kinga. Breki, mnyororo, matairi, hayo ni yale yale. Kwa betri mtafute mtu wa elektroniki aliyezoea betri za sola, na akikuambia atachanganya seli za zamani na mpya, ondoka. Kwa pikipiki ya umeme sina la kukupa zaidi ya hili: usinunue aina ambayo hujaona nyingine mbili kama hiyo barabarani.

Mvua haina maneno mengi. Kinga nzuri huvumilia mvua, haivumilii mto. Usiioshe kwa maji ya shinikizo.

Njia ya katikati

Kuna mtu mwenye kinga ngumu tayari na fedha kidogo. Huyo anaweza kununua gurudumu lenye mota, betri, kisanduku cha kuongozea na swichi za breki, akafungiwa juu ya kinga yake. Inafanya kazi, na vipuri vyake havina siri. Ila tazama breki kwanza. Zile kinga nyeusi za breki za fimbo zilitengenezwa kwa mwendo wa mguu, si kwa kilomita 30 kwa saa na ng'ombe mbele yako. Na mota ikiwa gurudumu la nyuma, mabano ya ekseli yawe ya chuma kinene, la sivyo ekseli itajizungusha na kukata waya wake yenyewe.

Yaya

Kwa yaya nilihesabu hivi. Ruashi mpaka kazini na kurudi ni ndani ya kilomita 25, betri moja inatosha. Anatoka jua bado liko juu, anarudi asubuhi, kwa hiyo barabara ya usiku haimgusi. Nyumbani kwake umeme ni wa bahati, lakini hospitali anakofanya kazi haikosi, na wakubwa wake wamekubali betri ikae kwenye chumba cha walinzi. Habebi mzigo. Hataki kushika kiuno cha dereva asiyemjua. Pesa za usafiri anazotoa kila mwezi zingelipa mashine ndani ya miaka miwili, kisha angeanza kuweka akiba ya betri. Nikaandika chini: kinga ya umeme, mota ya gurudumu, betri ya LFP kama ipo, chuma kilichoshuka.

Alikuja Jumapili na zile karatasi kwenye mkoba, zimekunjwa vile vile nilivyozikunja. Akaomba ajaribu yangu. Akakaza kikwembe, akazunguka mwembe wa uani mara moja kwa woga, mara ya pili kwa heshima, mara ya tatu aliachia mkono mmoja akawapungia watoto. Alipokanyaga na kinga ikamvuta, alicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu tuko wadogo Kamalondo. Akashuka bila kuhema. Mimi nimeshika kalamu, nangoja aniulize kuhusu volti.

"Mudogo," akasema, "ya rangi nyekundu iko?"